Flashi, Stendi na Mwavuli: Tuwanunulie Nini Vijana Wetu Wapigapicha?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika za Kilosa na Mikumi



Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ameniomba nisizungumzie tena fomu za marejesho. Nitajitahidi. Mada yangu inaonekana ndogo, lakini mezani kwetu kuna maombi mawili ya fedha yanayoitegemea. Kikundi cha vijana wapigapicha cha Kilosa na kile cha Mikumi vimeweka akiba kwa miezi mingi, na kila kimoja kinaomba kuongezewa kutoka mfuko wa miradi kiasi kinacholingana na akiba hiyo. Vyote viwili vimeandika hitaji lilelile: kamera kubwa zaidi. Ushauri wangu kwa kamati ni kwamba fedha hii isinunue kamera. Inunue mwanga. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza ni vifaa gani, kwa maana ukienda Kariakoo bila kujua unachotafuta utarudi na mzigo wa plastiki.

Kamera walizo nazo vijana wetu ni za mtumba, za miaka kumi na zaidi, lakini zina afya na picha zake zinachapwa vizuri hata kwa ukubwa wa kalenda ya ukutani. Kinachowanyima wateja ni simu. Siku hizi kila nyumba ina simu yenye kamera nzuri, na mchana kweupe mama wa mtoto wa kipaimara haoni tofauti kati ya picha ya shangazi mtu na picha ya mpigapicha wa kulipwa. Akiombwa elfu tano anauliza, kwa lipi? Ana haki ya kuuliza. Tofauti ataiona pale simu inaposhindwa: ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, sebuleni jioni, kwenye ukumbi wenye taa moja, au nyuso za watu zinapokuwa kivulini huku nyuma yao jua linawaka. Mwenye mwanga wake mwenyewe ndiye anayeweza kufanya kazi mahali hapo. Kamera mpya haiwezi kumpa mwanga huo.

Ndugu zangu, mnaweza kujiuliza kwa nini mratibu wa miradi anahangaika na nyuso za watu. Wazee wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na familia nyingi ziliishi kwenye mahema. Tulihesabu nyumba, mahindi na mifugo. Albamu hazikuhesabiwa, lakini zilikwenda na maji. Sasa tazameni kinachotokea kwenye mazishi. Familia inatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, na inayopatikana ni kipande kilichokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine. Bega la jirani linaonekana pembeni, na uso wa marehemu ni weusi mtupu wenye madoa mawili ya kung'aa kwenye paji. Mzee aliyelea watoto wanane na kuimba kwaya miaka thelathini anaagwa kwa picha ambayo hata wajukuu wanauliza ni nani. Picha nzuri ya mtu mmoja, iliyopigwa akiwa hai, amevaa vizuri na anatazama mbele, ni kitu ambacho watu wetu wako tayari kukilipia endapo kitakuwa kizuri kweli. Hapo ndipo penye kazi ya vijana wetu.

Tuangalie basi kwa nini nyuso zetu zinaharibika kwenye picha. Chukueni kinyago cha mpingo mkiingize chumba chenye giza. Kimulikeni kwa tochi mkiwa mmeishika karibu na jicho. Mtaona doa moja la mwanga mkali, na sehemu nyingine yote nyeusi tii. Sasa kisogezeni kinyago hicho karibu na mlango ulio wazi. Shavu linaonekana, pua inaonekana, kila mkato wa patasi ya fundi unaonekana. Mpingo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba tochi ni chanzo kidogo na mlango ni chanzo kikubwa, na mlango upo ubavuni wakati tochi ilikuwa usoni.

Ngozi nyeusi iko hivyo. Umbo lake linaonekana kwa namna mwanga unavyoteleza juu yake, kwa hiyo inataka mwanga mpana unaotoka upande. Flashi iliyokaa juu ya kamera ni ile tochi karibu na jicho: inapiga usoni moja kwa moja, inang'arisha paji na ncha ya pua, na kutupa kivuli cheusi ukutani nyuma ya kichwa. Wapigapicha wengi wakiona uso umekuwa mweusi huongeza nguvu ya flashi. Doa linazidi kuwa jeupe na uso unabaki vilevile. Itoeni flashi juu ya kamera, iwekeni kwenye stendi upande wa kulia au kushoto wa anayepigwa, juu kidogo ya kichwa chake, ipitisheni kwenye mwavuli mweupe, na mmejitengenezea mlango ulio wazi mahali popote, saa yoyote.

Niseme pia kwamba lawama si zote za mpigapicha. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na rangi za ngozi zilisawazishwa kwa kumtazama yeye. Kamera za leo zina nafuu kubwa, lakini hata hizo zikiachwa zijipimie mwanga zenyewe huwa zinataka kila kitu kiwe cha kijivu cha wastani. Bibi harusi wa Ulaya mwenye gauni jeupe anaichanganya kabisa kamera. (Nasema Ulaya yetu hii, njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Wahisani msishtuke.) Kijana anayeweka nguvu ya flashi kwa mkono wake, akajua anachofanya, anaondokana na ubishi huo.

Kabla ya vifaa, niwatajie mtu mmoja ambaye hakuwa na vifaa. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, si mbali na stesheni ya reli. Watu walikuja kwake wamevaa mavazi yao bora. Hakuwa amesomea upigaji picha chuoni, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani, kwa mwanga wa mchana, akitundika nyuma ya mteja kitambaa chenye maua ambacho kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Leo picha zile zinatundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya (ile nyingine) na Marekani. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, Kilosa nayo ni mji wa stesheni, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 ikipita kwetu, watu wanaosafiri wakiwa wamevaa vizuri hawajapungua. Pili, kikundi ambacho hakijajifunza kumweka mtu kivulini karibu na ukuta mweupe kisipewe flashi bado. Kwanza wapige picha ishirini barazani bila kifaa chochote, wazilete, kamati izitazame. Hilo ni sharti ninalolipendekeza, na halina gharama.

Sasa vifaa. Nitatumia muda mwingi kwenye flashi na kiunganishi chake kwa sababu hapo ndipo fedha zinapopotea.

Flashi yenyewe isiwe ya jina la kamera. Flashi za Canon na Nikon ni nzuri sana, lakini huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya zile za kampuni za China kama Godox na Yongnuo, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inalipia uwezo wa flashi kujipimia mwanga yenyewe. Mtu aliyekaa kwenye kiti haendi popote. Mpigapicha akishapima mara moja, nguvu ileile inamfaa kila anayeketi hapo. Kwa kazi hiyo flashi ya kupangwa kwa mkono inatosha. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ni mifano ya aina hii ninayoweza kuipendekeza bila wasiwasi. Zote mbili zinatumia betri nne za AA, nguvu zake zinashushwa hatua kwa hatua hadi sehemu moja ya 128, na zote zina kipokezi cha redio ndani yake. Wenye kamera za Sony wawe waangalifu: mahali pa kupachikia flashi kwenye kamera hizo ni tofauti, na lazima wanunue toleo lililotengenezwa kwa ajili yao.

Flashi ikishatoka juu ya kamera inahitaji kuambiwa iwake lini. Zipo njia tatu. Waya ni rahisi kuliko zote, na watoto wa Shule ya Jumapili wataukwaa siku ya kwanza. Njia ya pili ni triga ya redio, yaani kifaa kidogo kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi hata ikiwa nyuma ya nguzo. Triga hizi ni za kampuni kwa kampuni. Triga ya Godox haizungumzi na redio ya flashi ya Yongnuo, kwa hiyo wanakikundi wachague ukoo mmoja na kubaki nao. Vilevile kila triga hutengenezwa kwa ajili ya chapa fulani ya kamera, kwa hiyo jina la kamera liandikwe kwenye karatasi ya manunuzi.

Njia ya tatu wauzaji hawaitaji, kwa kuwa haiwaingizii kitu. Kamera nyingi za zamani za aina walizo nazo vijana wetu zina flashi ndogo inayoinuka yenyewe juu ya kamera. Flashi ya pembeni ina jicho, na ikiwekwa kwenye hali ya kufuata huwaka mara tu inapoona ile ndogo imewaka. Ile ndogo inashushwa nguvu hadi chini kabisa ili isiharibu uso. Ndani ya chumba njia hii inafanya kazi vizuri sana na haigharimu hata shilingi. Ina mapungufu mawili. Kwenye jua jicho halioni. Na harusini kila mgeni mwenye kamera anaiwasha flashi yenu, hata betri zikaisha kabla ya keki. Kwa hiyo kikundi cha Kilosa, ambacho kazi yake kubwa ni picha za studio na zile za pasipoti saizi, kinaweza kuanza bila triga kikainunua baada ya miezi michache kwa fedha yake. Kikundi cha Mikumi kinapata kazi nyingi nje, kwenye harusi, kwa wafanyakazi wa hoteli za watalii, na kwa waongoza wageni wanaotaka picha za kujitangaza, kwa hiyo kinahitaji triga tangu mwanzo. Ndiyo maana nawaomba msipitishe orodha moja kwa vikundi vyote viwili kwa kisingizio cha usawa.

Stendi itakuwa ya alumini, inayokunjwa, yenye kufika urefu wa mita mbili au zaidi. Fundi chuma wetu anaweza kuchomelea ya bomba kwa bei ya chini na haitaanguka kamwe, ila itawashinda kupakia kwenye bodaboda kwenda Rudewa. Stendi nyepesi inaangushwa na upepo, hasa ikiwa na mwavuli ambao kwa upepo ni tanga la ngalawa. Dawa yake ni kiroba cha mchanga kilichofungwa kamba na kuning'inizwa kwenye miguu ya stendi. Wauzaji wana mifuko maalumu ya kazi hiyo. Msiinunue, mchanga wa Mkondoa unatosha. Nje kwenye upepo mkali ni bora stendi iachwe kabisa na kijana mmoja ashike flashi na mwavuli mkononi. Anayeshika anajifunza mwanga upesi kuliko anayebonyeza kamera, na wahisani wetu watafurahi kuona ajira mbili badala ya moja.

Juu ya stendi kuna kishikio kidogo kinachobeba flashi na mpini wa mwavuli kwa pamoja, chenye kiungo cha kuinamisha. Kisinunuliwe cha plastiki tupu. Uzito wote unategemea skrubu moja, na ikiisha meno flashi ya laki mbili inashuka sakafuni.

Mwavuli uwe mweupe, wa kipenyo cha karibu mita moja. Zipo aina ambazo kitambaa cheupe kinavikwa ganda jeusi linalovuliwa, na hizo nazipenda kuliko nyingine. Bila ganda, flashi inapiga kupitia kitambaa na mwanga unakuwa laini, lakini sehemu yake inarudi nyuma na kugonga kuta. Makanisa yetu kadhaa yana kuta za kijani au bluu, na nyuso zinatoka na rangi hiyo. Ukivika ganda na kuugeuza mwavuli, mwanga wote unarudi kwa mteja na ukuta haupati kitu. Umbali ni muhimu kuliko bei. Mwavuli wa mita moja ukae mita moja au moja na nusu kutoka usoni. Ukiusogeza mbali unakuwa mdogo machoni pa yule anayepigwa, na mkirudi kwenye tochi mtakuwa mmejitakia. Tena mwanga hupungua haraka kuliko tunavyodhani: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Wenye kumbukumbu ya kusoma kwa karabai wanajua nani alikaa karibu na meza na nani alikosa.

Vijana wataomba softboksi, lile kasha la kitambaa jeusi lenye uso mweupe, kwa sababu wameliona kwenye video. Ni kifaa kizuri, kinaelekeza mwanga vizuri zaidi na ukutani hakumwagiki. Lakini kinachukua muda kufungwa, fimbo zake zikivunjika hakuna wa kuziunga, na bei yake ni kubwa zaidi. Mwavuli ukivunjika mbavu, fundi viatu wa sokoni anautengeneza huku unasubiri.

Kifaa cha kurudisha mwanga upande wa pili wa uso msikinunue. Ubao mweupe wa thamokoli unaotoka kwenye kasha la friji, au shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mbao, linafanya kazi hiyo. Liwe jeupe kweli, lisiwe na samawati ya sabuni.

Betri zinastahili dakika mbili. Betri za kawaida za bei ya chini tunazoweka kwenye redio haziwezi kuisukuma flashi. Zinachukua muda mrefu kuijaza, zinaishiwa, na zikisahauliwa ndani huvuja maji yanayokula shaba. Zinunuliwe betri nane za kuchaji za aina ya NiMH, za jina linalojulikana, nne zikiwa ndani na nne mfukoni, pamoja na chaja inayochaji kila betri peke yake. Kuna flashi za betri ya lithiamu ambazo ni za haraka zaidi, lakini betri hiyo ni ya umbo la kampuni yake, na ikifa huku kwetu flashi imekufa nayo. Vijana wajizoeze kupiga kwa robo ya nguvu au chini yake. Mwavuli ukiwa karibu, robo inatosha ndani ya nyumba, flashi haipati moto, na betri zinadumu siku nzima ya ubatizo.

Jambo moja la kuwaonya mapema. Kuna kikomo cha kasi ya shata, kwa kamera nyingi ni sehemu ya 1/200 ya sekunde au karibu na hapo. Ukipita hapo, sehemu ya picha inatoka na mstari mweusi mpana. Kijana atadhani flashi ni mbovu na kuirudisha dukani. Na jua la saa saba mchana hakuna flashi ndogo inayoweza kushindana nalo kupitia mwavuli. Wateja wapelekwe chini ya mwembe, au waambiwe waje saa kumi na moja jioni.

Nimeulizwa kuhusu taa za LED na zile za duara za kuwekea simu. Kwa kijana mwenye simu tu, taa hiyo ina maana, kwa sababu simu za kawaida haziwezi kuongoza flashi ya pembeni. Ila nyingi za bei ya chini zina nguvu ndogo, zinataka umeme wa ukutani, na mtoto asiyetulia anatoka na ukungu. Flashi yenye betri nne haijali kama umeme umekatika. Kwa vikundi hivi viwili nashikilia flashi.

Hesabu sasa. Bei ninazotaja ni za makadirio kwa ajili ya mazungumzo haya. Siku ya kununua watu wawili waulize maduka matatu. Tuseme kikundi kina laki nane. Flashi laki mbili, triga laki na thelathini, stendi elfu sitini, kishikio elfu ishirini na tano, mwavuli elfu thelathini, betri nane na chaja laki moja. Jumla ni shilingi 545,000. Zinabaki 255,000, ambazo nashauri zigawanywe kati ya kitambaa cha nyuma, sanduku la plastiki lenye mfuniko kwa ajili ya vumbi la njiani, na mtaji wa kusafishia picha za kwanza. Picha iliyomo ndani ya simu haijamfikia bibi yake mteja. Kamera waliyoiomba ingemeza laki nane zote, na bado wangepiga kwa flashi ya usoni.

Nigeuke kwa wahisani wetu. Asanteni kwa moyo wenu, nanyi mniwie radhi kwa kusema wazi. Usharika mmoja uliletewa taa mbili za studio kutoka Marekani, nzuri na nzito, zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 120. Sisi tuna 230. Zilichomekwa mara moja tu. Kabla ya kufunga kifurushi, tuulizeni kuhusu volti na chapa ya kamera. Flashi za zamani za enzi za filamu msitutumie bila kupimwa: baadhi yake zina volti zaidi ya 200 kwenye pini inayogusa kamera, na kamera ya dijitali inaweza kuungua. Fundi redio mwenye mita anaipima kwa dakika moja, lakini afadhali ipimwe kwenu kabla ya nauli. Mkija wenyewe na betri za ziada za lithiamu, zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani mashirika ya ndege hayaruhusu ziwekwe kwenye mizigo ya chini. Na mkiniuliza mimi, tumeni fedha. Kilichonunuliwa Kariakoo tunaweza kukirudisha Kariakoo.

Mtaona pia picha za ripoti zetu zikibadilika. Mama wa mradi wa kuku akipigwa kwa mwavuli, uso wake utaonekana, na macho yake, na kitambaa chake kipya. Tafadhali msidhani kwamba umaskini umekwisha Kilosa. Tumewahi kuombwa picha zenye huzuni zaidi kidogo. Mimi sitawaagiza vijana wamweke mama kivulini ili aonekane ana shida. Yeye mwenyewe ataulizwa kama anakubali picha yake iende mbali, na nakala moja iliyosafishwa itabaki kwake.

Mwisho ni usimamizi, ambao najua mnaujua, kwa hiyo nitautaja kwa haraka. Vifaa ni mali ya kikundi na vitaandikwa kwenye daftari la usharika pamoja na namba zake. Funguo za sanduku zitakuwa mbili, na hazitakaa kwa mtu mmoja. Kila kazi inayolipwa, sehemu ya kumi iwekwe pembeni kwa ajili ya betri na matengenezo. Betri za kuchaji nazo huzeeka. Na kazi za bure ziwe na kikomo kilichoandikwa. Nimeona vikundi viwili vikifa kwa sababu harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa ni bure, ya mjumbe wa kamati ni bure, na ya binamu yake mjumbe nayo ni bure. Kamati itakayopitisha fedha hii ipitishe pia kwamba wajumbe wake watalipa kama watu wengine. Naona baadhi yenu mnacheka, lakini nitaomba kura ipigwe na iandikwe kwenye muhtasari.

Picha ishirini za barazani nitazipokea kutoka kila kikundi hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kupitia ofisi ya mchungaji. Zisiwe za maua wala za machweo ya Mikumi. Ziwe nyuso za watu, na angalau tano ziwe za wazee waliozidi miaka sabini ambao hawana picha yao nzuri nyumbani. Maswali sasa, na naomba tuanze na akina mama wa safu ya nyuma.